Mirabaha Hufuata Orodha

Mwenyekiti wa kikao, wenzangu watangazaji, watunzi na waimbaji mliofika, nawashukuru kwa nafasi hii.

Naanza na karatasi moja. Ilikuwa na safu tano: jina la wimbo, msanii, mtunzi, tarehe na muda uliochezwa. Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi ya kupanga muziki katika kituo cha redio ambacho sitakitaja, na kila robo mwaka ilipokaribia kwisha tulikumbushwa kwamba shirika lililotupa leseni ya kucheza muziki linasubiri orodha ya nyimbo tulizopiga, ili ligawe ada yetu kwa wenye nyimbo hizo. Tulikaa wawili mezani hadi usiku, tukijaza orodha ya siku tisini kwa kumbukumbu. Nyimbo zilizovuma tulizikumbuka, tukaziandika mara nyingi kuliko zilivyopigwa. Zile za kipindi cha usiku wa manane, ambazo mwendeshaji wake alizichagua mwenyewe bila kumwambia mtu, hazikuingia kabisa. Katika safu ya mtunzi tuliandika “hajulikani” kuanzia juu hadi chini. Ada ya leseni ilikuwa imelipwa yote, tena kwa wakati. Fedha zilitoka kwetu kamili, na sehemu kubwa yake ikaenda kwa watu ambao hawakuwa wameifanyia kazi.

Tunapojadili mirabaha, yaani malipo ya wenye nyimbo kila zinapotumiwa, nguvu zetu nyingi huishia kwenye kiwango, yaani kituo au huduma ya mtandaoni ilipe asilimia ngapi. Kiwango kina uzito wake, nami nitakigusia. Hata hivyo, anayeamua nani apate nini ni yule anayejaza orodha, na mtu huyo mara nyingi ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote studioni.

Ili tuelewane, tukumbuke kwamba wimbo mmoja unaposikika, sheria husikia vitu viwili. Cha kwanza ni utunzi, yaani maneno na mahadhi ya wimbo, ambao ni mali ya mtunzi au mchapishaji wake. Cha pili ni rekodi, yaani lile toleo mahususi lililoimbwa siku fulani na kugharimiwa na mtu fulani, na humo wamo waimbaji, wapiga ala na mwenye rekodi. Bendi kumi zikirekodi wimbo uleule tutakuwa na utunzi mmoja na rekodi kumi. Mtu aliyenunua santuri au kupakua faili kwa fedha zake halali amenunua nakala ya kusikiliza. Haki ya kuucheza wimbo ule mbele ya umma haikuwamo katika bei aliyolipa.

Haki hii ya kulipwa kwa muziki unaochezwa hadharani haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1847, Ernest Bourget, aliyekuwa mwandishi wa mashairi ya nyimbo, aliketi na wenzake katika mkahawa mmoja wa Paris ulioitwa Les Ambassadeurs, wakala na kunywa huku nyimbo zao zikipigwa kuwaburudisha wateja. Bili ilipoletwa walikataa kulipa, wakisema kwamba kama wao wanatakiwa kulipia vinywaji vya mwenye mkahawa, naye alipie nyimbo zao. Kesi ilikwenda mahakamani, watunzi wakashinda, na mwaka 1851 likaanzishwa shirika la SACEM la kukusanya ada kwa niaba ya watunzi wote, kwa kuwa hakuna mtunzi anayeweza kuketi katika kila mkahawa.

Redio ilirithi utaratibu huohuo kwa njia ya leseni ya jumla. Kituo hakiombi ruhusa ya wimbo mmoja mmoja. Hulipa kiasi maalumu, au asilimia ya mapato yake, na kupewa ruhusa ya kutangaza kazi zote zilizo chini ya shirika husika. Ni utaratibu mzuri, ila wengi huufasiri kupita mipaka yake. Kuweka wimbo chini ya tangazo la biashara, kuutumia katika filamu, au kubadilisha maneno yake ili yasifu bidhaa ni matumizi mengine, na kwa kawaida huhitaji ruhusa ya wenye utunzi na wenye rekodi wenyewe. Nimewahi kumsikia meneja mauzo akimhakikishia mteja kwamba “leseni tunayo”. Alikuwa nayo, lakini ya kitu kingine.

Kwa upande wa rekodi, Mkataba wa Roma wa 1961 ulitambua kwamba rekodi iliyotolewa kibiashara inapotangazwa, mtangazaji alipe malipo ya haki kwa waimbaji, kwa watayarishaji wa rekodi, au kwa wote, lakini uliziruhusu nchi kujiondoa katika kifungu hicho. Marekani haimo katika mkataba huo, na hadi leo kituo cha redio kinachorusha matangazo hewani nchini humo humlipa mtunzi bila kuwalipa mwimbaji wala mwenye rekodi. Sheria ya nchi hiyo ya 1995, iliyopanuliwa 1998, iliweka malipo ya rekodi kwa matangazo ya kidijitali. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kusikiliza wimbo mmoja, kituo kimoja, dakika ileile: anayesikiliza kupitia intaneti amemwingizia mwimbaji kitu, na mwenye redio ya mkononi hajamwingizia chochote. Hoja ya zamani ya watangazaji ni kwamba redio humtangaza msanii bure. Mimi niliyekuwa upande huo naona hoja hiyo ilikuwa na nguvu zaidi wakati watu walipotoka redioni wakaenda dukani kununua santuri.

Sasa tuje kwenye huduma za kutiririsha muziki, yaani za kusikiliza nyimbo moja kwa moja mtandaoni bila kununua nakala, ambako ndiko maswali mengi yanatoka. Watu hupenda kuuliza msikilizo mmoja unalipa kiasi gani. Katika huduma nyingi bei hiyo haipo. Mapato ya mwezi, yaani ada za wasikilizaji na matangazo, huwekwa katika fungu moja, huduma hukata sehemu yake, na kinachobaki hugawanywa kulingana na idadi ya misikilizo. Chukueni huduma yenye wasikilizaji wawili tu, kila mmoja akilipa 10. Wa kwanza amesikiliza mara 20, zote nyimbo za msanii mmoja; wa pili ameacha simu ikicheza nyimbo za wengine mara 980. Tukiacha makato, fungu ni 20, na msanii yule, mwenye misikilizo 20 kati ya 1,000, atapata 0.4. Shabiki wake wa dhati ametoa 10, na 9.6 zimekwenda kwa watu ambao hajawahi kuwasikia. Kama ada ya kila msikilizaji ingegawanywa kwa wale aliowasikiliza peke yao, msanii angepata 10 zote. Huduma ya SoundCloud ilianza mfumo wa namna hiyo mwaka 2021 kwa wasanii huru. Huduma ya Spotify ilielekea kwingine: tangu 2024, rekodi isiyofikisha misikilizo 1,000 katika miezi 12 haihesabiwi katika mirabaha ya rekodi.

Kuhusu kiwango, nitataja mfano mmoja. Mwaka 1909 Marekani iliweka malipo ya senti 2 kwa mwenye utunzi kwa kila nakala ya wimbo iliyonakiliwa kwa mashine, na kiwango hicho kikabaki hivyo, bila kupanda, hadi 1978.

Lakini hata kiwango kizuri hukwama kwenye orodha. Rekodi hupewa utambulisho wa ISRC wenye herufi na tarakimu 12. Utunzi hupewa wa kwake, ISWC. Rekodi ikipakiwa mtandaoni huwa na namba yake tayari, ila utunzi mara nyingi bado, kwa kuwa watunzi wanne hawajakubaliana nani ana asilimia ngapi. Wimbo unasikilizwa, fedha inazaliwa, mwenyewe haonekani. Mwaka 2021, huduma za kutiririsha nchini Marekani zilikabidhi takriban dola milioni 424 za mirabaha ya utunzi ambayo wenyewe hawakuwa wamebainishwa, na shirika lililoundwa chini ya sheria ya 2018 likapewa kazi ya kuwatafuta.

Nirudi kwenye kituo chetu. Baada ya usiku ule tuliweka sharti moja: wimbo usioandikwa jina la mtunzi hauingii katika kompyuta ya studio. Wiki ya kwanza maktaba ilibaki na nyimbo chache mno, wasikilizaji wakapiga simu kulalamika kwamba tunarudia zilezile, na mwendeshaji wa kipindi cha usiku wa manane akanuna. Wiki ya tatu alikuja na daftari lake la shule lenye majina ya watunzi wa nyimbo zake zote, kwa mwandiko safi. Alikuwa akiyaandika kwa miaka. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Sasa naweza kupokea maswali.