Kiti cha gari la kujitengenezea: anza na sponji, ngozi ya bandia baadae

Asanteni jamani, wa mlangoni sogeeni, huku mbele kuna nafasi. Leo ni kiti tu. Wengi humu mna maguta ya injini, yale ya matairi matatu ya mizigo, na kuna dogo pale anaunda kigari chake cha chesisi ya mabomba, na nikipita kuangalia kazi zenu nakuta uchomeleaji safi, rangi ya maana, afu kiti ni ubao na kipande cha godoro kuukuu. Na dereva atakaa hapo kutwa, Mbagala mpaka Kariakoo na foleni yake, jioni kiuno chote kinauma.

Sasa sponji. Dukani kila mtu anabonyeza kwa kidole gumba, ikirudi haraka anasema hii nzima. Kidole kinakudanganya. Ugumu ni kitu kimoja na uzito wa sponji ni kitu kingine, kiwandani wanaweza kabisa kutoa sponji nyepesi ambayo ukiigusa ni ngumu, na ndo hiyo hiyo inayolala mapema kwa sababu ni hewa tupu. We nenda na mizani ndogo ya jikoni. Omba kipande, kikate sentimita 10 kwa 10 kwa 10, kipime. Gramu utakazosoma ndo kilo za sponji hiyo kwa mita moja ya ujazo, yani ikisoma gramu 35 basi ni kilo 35, hamna hesabu nyingine. Ikisoma 18 au 20 iache ikawe mto wa sebuleni. Ya kukalia mi nataka 35 kwenda juu, ya kuegemea hata 25 inatosha.

Afu usiweke aina moja peke yake. Mtu akikaa, uzito mwingi unashukia kwenye mifupa miwili ya makalio, sponji laini tupu itabonyea mpaka mfupa ukutane na ubao. Chini weka ngumu, sentimita 5 hivi, juu yake laini sentimita 2 au 3, gundi kidogo tu. Kama una nafasi, badala ya plaiwudi suka mikanda ya tyubu kwenye fremu, mtikisiko unapungua sana. Wazee walikuwa wanajaza sumba la nazi, na siwacheki hata kidogo, sumba linapitisha hewa na likilowa linakauka, tatizo linagandamana.

Maji sasa. Sponji ya godoro vitundu vyake vimeungana, inakunywa maji, na masika ya hapa mnayajua. Kama guta liko wazi, tabaka la chini kabisa liwe la ile sponji ya kandambili, hainywi maji, na plaiwudi itoboe matundu ili yatakayoingia yatoke. Mshono usiupitishe katikati ya kalio, kila tundu la sindano ni mlango wa maji, upeleke pembeni. Uzi uwe wa poliesta, wa pamba unaoza na jua linaukata.

Kwenye ngozi ya bandia watu wanaumia sana. Kuna ile laini inayong'aa, ya PU, inapendeza kweli, lakini unyevu wa pwani unaivunja taratibu mpaka inaanza kubanduka magamba. Ya PVC inavumilia mvua na inafutika kirahisi, ila jua linaikausha inakakamaa na kupasuka, na nyeusi saa nane mchana huikalii. Mi naweka PVC ya rangi ya kijivu pembeni na nyuma, pa kukalia kitambaa kizito cha poliesta chenye zipu, kinapitisha jasho, kinavuliwa kinafuliwa. Kwa gari lisilo na paa weka PVC yote.

Na la moto nawaomba sana, msilipite. Sponji hizi zinashika moto haraka na moshi wake una sumu, na wengine mmeweka tanki la petroli chini ya kiti kabisa! Marekani wana kanuni tangu 1972, vitu vya ndani ya gari visiungue zaidi ya milimita 102 kwa dakika. Hatuna maabara, ila kabla hujanunua mita tano za kitambaa, toka na ukanda wake mwembamba nje uwanjani, ushike kwa koleo, uwashe ncha moja, ndoo ya maji pembeni. Ukiona moto unakimbia au unadondosha matone yanayowaka, kitambaa hicho kisiingie kwenye gari.