Futeni hilo "Tu": Mawazo, Ubongo na Kinga ya Mwili

(Mhadhara uliotolewa Nyegezi, Mwanza)

Mwadila! Naona kule nyuma kuna sura zilizonisikia Kirumba, zikanisikia tena Igoma, na leo zimerudi. Karibuni, ila hotuba sijabadilisha. Ugomvi wangu ni na neno lilelile: "tu".

Mama anakwenda kupima. Malaria hakuna, taifodi hakuna, damu ipo. Anaambiwa, "Ni mawazo tu, kapumzike." Anarudi nyumbani kama mtu aliyefumaniwa anadanganya. Neno "mawazo" sina shida nalo. Ni hilo "tu".

Dada yangu anauza samaki Mwaloni. Mwaka juzi mwiba wa sangara ulimchoma hapa, kwenye kiungo cha kidole gumba. Kidonda cha punje ya mchele. Miiba imemchoma miaka yote, na kwa kawaida wiki mbili kimekauka, yuko mbaoni anapara samaki. Hiki kiligoma. Wiki ya tano ukikibonyeza pembeni bado kinatoa majimaji. Tukapima sukari, maana kidonda kisichopona lazima upime sukari, msije mkanisingizia nilisema vingine. Sukari iko sawa. Kikasafishwa, akapewa dawa. Alipolalamika kwamba kinamuuma hadi begani, mhudumu mmoja, wa wapi sisemi, akamwambia, "Dada, ni mawazo tu."

Hakuna aliyemuuliza analala saa ngapi. Alikuwa anamuuguza mama yetu, aliyekuwa ameshatusahau majina, akiamka saa tisa usiku kutafuta khanga zake avuke kwenda Ukerewe kwa mtumbwi uliooza tangu sisi watoto. Dada alikuwa na miezi minane hajamaliza usiku mmoja kitandani.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1995 mwanasaikolojia Janice Kiecolt-Glaser na wenzake, kule Ohio, Marekani, walichukua wanawake 13 wanaouguza ndugu wenye maradhi ya kusahau, na wengine 13 wa rika lao wasiouguza mtu. Kila mmoja wakamtoboa mkononi kidonda cha milimita 3.5. Wanaouguza walichelewa kupona kwa siku 9 hivi. Mwaka 1998 ikawa zamu ya wanafunzi 11 wa udaktari wa meno: wakatobolewa kwenye kaakaa wakati wa likizo, kisha wakatobolewa tena siku chache kabla ya mtihani. Kile cha mtihani kilichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 40. Mtu yuleyule, mdomo uleule.

Kijana wangu pale anatikisa kichwa: "Labda hawakulala vizuri." Haya, na huko kukosa usingizi, mwanangu, kunaanzia goti?

Dada tulimpangia zamu za usiku, kidonda kikafunga. Siwezi kuapa kwamba ni zamu zilizokifunga, mtu mmoja si utafiti. Ndiyo maana nawaletea panya, na wale mlionisikia Igoma vumilieni.

Robert Ader, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Rochester, hakuwa anatafuta kinga hata kidogo. Aliwapa panya maji matamu ya sakarini, kisha akawadunga saiklofosfamidi, dawa inayochafua tumbo, ili wayachukie yale maji. Wakayachukia. Baadaye akawapa maji matamu peke yake, bila sindano, aone watasahau lini. Panya wakaanza kufa! Kwa maji ya sakarini! Na waliokuwa wamekunywa mengi ndio waliokufa zaidi.

Kumbe ile dawa ina kazi ya pili: inashusha kinga. Ader akamfuata Nicholas Cohen, mtu wa kinga, wakarudia jaribio kwa utaratibu. Waliwadunga panya chembe nyekundu za damu ya kondoo, wakapima kingamwili, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza dhidi ya kitu kigeni. Panya waliokuwa wamefundishwa, wakionja tu ule utamu, walitengeneza kingamwili chache. Hiyo ni 1975. Wengu, kile kiungo cha tumboni zinamokaa chembe za kinga, hauna ulimi, jamani. Nani aliuambia kwamba maji ni matamu?

Waliokuwa wakifundisha kwamba kinga inajiendesha peke yake walikasirika, kama kawaida. Lakini miaka ya 1980 mtafiti wa neva David Felten alitazama kwa darubini akakuta nyuzi za neva zimeingia mpaka ndani ya wengu, zimekaa ubavuni mwa chembe za kinga. Hiyo ni njia ya waya. Njia nyingine ni damu: ubongo unaamuru tezi zilizokaa juu ya figo zimwage kotisoli, homoni ya msongo. Kotisoli ya saa moja ni rafiki, mtumbwi ukipigwa na wimbi utaihitaji. Ya miezi minane inaziambia chembe za kinga zisubiri, na kidonda hakisubiri.

Barabara ina kurudi pia. Ukishikwa na homa hutaki chakula, hutaki watu, unataka blanketi. Ni kemikali za kinga yako zinazoupigia ubongo simu. Hilo lingehitaji jioni nzima.

Kuna mzee ananitazama, najua anachotaka kuuliza: "Kwa hiyo kikombe cha Loliondo, ile dawa ya Babu, kilikuwa kweli?" Hapana, baba. Mwaka 2011 tuliona foleni ya magari kwenda Samunge kwa kikombe cha shilingi 500, na wapo walioacha ARV zao. Nimesema kinga inausikia ubongo. Sikusema inatii kila tunachokiamini. Virusi havijui una imani kiasi gani.

Mwenyekiti ananionyesha vidole viwili. Neva ya vagasi, ile inayounganisha ubongo na viungo vya ndani, naiacha, usingizi nauacha, lakini deksa siiachi. Mabinti mnaomeza deksamethasoni mnenepe mashavu na makalio: hiyo ni ndugu wa kotisoli, tena mwenye nguvu mara nyingi. Mnajitengenezea kwa kidonge ile miezi minane ya dada yangu. Na aliyeitumia muda mrefu asiitupe leo usiku kwa ghafla, tezi zake zimeshalala na hazitaamka kesho. Aende kwa daktari apunguziwe polepole. Akiambiwa huo udhaifu wake ni mawazo tu, anipigie.