Anachojifunza Mtoto wa Darasa la Kwanza

Ndugu mwenyekiti wa kamati ya shule, walimu wenzangu, wazazi na walezi, wazee wetu shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie kile watoto wetu wanachojifunza darasa la kwanza. Kila mwaka, ikifika Machi, wazazi huja na swali lilelile: "Mwalimu, mbona daftari la mwanangu lina kurasa mbili tu?" Nalielewa swali hilo. Daftari limenunuliwa kwa jasho, na mzazi anataka kuona kazi. Leo nataka kuzitetea wiki hizo ambazo daftari liko tupu, maana ndizo wiki ambazo mtoto anafanya kazi nzito kuliko zote za mwaka.

Kazi hiyo ni ya sikio. Kabla ya herufi yoyote, mtoto anatakiwa agundue kwamba maneno anayoyasema tangu utotoni yanakatika vipande. Hajawahi kuliwazia hilo. Kwake "mama" ni mtu anayempikia uji, basi. Ndiyo maana mkipita dirishani mnasikia makofi, mnadhani tunacheza. Tunakata maneno. Mbuzi: makofi mawili, mbu-zi. Mbuyu: makofi matatu, m-bu-yu. Jaribuni hapo mlipo. Yote mawili yanaanza na mb kwenye maandishi, na bado moja lina vipande viwili na jingine vitatu. Mtoto aliyezoezwa kusikiliza huisikia tofauti hiyo vizuri tu, na siku atakapoonyeshwa m na b ubaoni atakuwa na kitu kichwani cha kuzishikiza.

Baada ya sikio ndipo huja jicho na mkono. Tunaumba herufi hewani kwa kidole, kisha mchangani, kisha kwenye mistari. Hapo Kiswahili kinatusaidia sana: irabu tano, na kila moja ina sauti yake ile ile popote inapokaa. Mtoto akishazijua a, e, i, o, u na konsonanti chache, anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona maishani mwake.

Lakini urahisi huo una hatari yake, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Ba be bi bo bu ina mdundo kama wimbo. Mtoto mwenye kumbukumbu nzuri ataiimba yote, atafuatisha kwa kidole kwenye chati ya ukutani, na nyumbani mtamshangilia kwamba anasoma. Huenda hasomi. Mpimeni hivi: andikeni kwenye karatasi maneno yasiyo na maana yoyote, kama "mebu" au "tiloka". Aliyekariri atakwama, au atasema neno lingine linalofanana nalo. Anayesoma kweli atayatamka, kisha atawauliza tiloka ni nini. Akiuliza hivyo, furahini.

Ugumu wa Kiswahili uko kwingine, kwenye urefu wa maneno. Chukueni "wanatusaidia". Ni neno moja lenye silabi saba, na ndani yake kuna sentensi nzima. Mtoto anayehangaika na kila silabi akifika "-dia" ameshasahau alikoanzia. Amesoma yote na hajaelewa kitu. Kwa hiyo tunarudia, tunarudia tena, hadi silabi zimtoke bila kuzifikiria, ili akili ibaki na nafasi ya kuelewa. Mzazi anayesema "hiki kitabu umeshakisoma, chukua kingine" anamkatisha katikati ya kazi hiyo. Kurudia kitabu kile kile mara nyingi ni halali kabisa.

Tena kuna watoto ambao Kiswahili wanakutana nacho kwa wingi shuleni kwa mara ya kwanza. Huku kwetu Kanda ya Ziwa wengi wetu tunachanganya l na r tunapozungumza. Mtoto akiandika "balabala", ameandika kwa uaminifu kile anachokisikia. Sikio lake ni zima na mkono umelitii. Kinachohitajika ni kumsemea neno taratibu mara nyingi. Kumcheka mbele ya wenzake kunamfundisha kunyamaza tu.

Wakubwa mnakumbuka jinsi darasa la kwanza lilivyokuwa limejaa masomo. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2015 ulirudisha mkazo kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na kwa maoni yangu ule ulikuwa uamuzi sahihi kuliko mingi iliyowahi kufanywa kwa madarasa haya. Mwaka uliofuata ada na michango ya lazima ilipoondolewa, watoto walifurika. Ni jambo jema. Ila makofi ya mbu-zi na m-bu-yu kwa watoto zaidi ya mia chumba kimoja ni kazi nyingine kabisa, na mwalimu hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma. Ndiyo sababu nyumbani panahitajika sikio la pili, hata la dada yake wa darasa la nne.

Kuhesabu nako kuna mtego. Mpe mtoto vizibo saba vya soda, atahesabu vizuri mpaka saba. Muulize: "Viko vingapi?" Wengi huanza upya: moja, mbili, tatu. Namba wanazijua kwa mfuatano, lakini bado hawajajua kwamba ile ya mwisho waliyoitaja ndiyo idadi ya vizibo vyote. Siku mtoto anapojibu "saba" bila kurudia, amevuka mto mpana, na hakuna alama kwenye daftari itakayoonyesha hivyo. Baadaye ataandika kumi na mbili hivi: 102. Msimgombeze. Ameandika kumi, kisha mbili, kama alivyosikia. Mfungieni vijiti kumi kwa kamba, viwili viacheni nje, mumwachie avitazame mwenyewe. Makumi na mamoja huingia kwa mikono kwanza.

Kuna mengine nitayataja haraka: kunawa mikono, kusubiri zamu, kuomba ruhusa, na kusema "mwalimu, sijaelewa". Hilo la mwisho wengine huchukua muhula mzima kulithubutu. Kiingereza nacho sasa kinaanza darasa la kwanza kwa mtaala ulioanza Januari 2024. Kwa umri huu kinatosha kwa nyimbo, salamu na majina ya vitu. Msiwapime watoto wa jirani kwacho.

Ombi langu kwa kamati. Shule nyingi zina vitabu vya hadithi vilivyofungiwa kabatini ili visichakae. Vitachakaa, ndiyo. Vitachanika, vingine vitamwagikiwa uji. Naomba kamati ikubali hasara hiyo kwa maandishi, ili mwalimu asidaiwe kitabu kilichochanika mkononi mwa mtoto anayejifunza kufunua kurasa. Nipo tayari kwa maswali.