Anza na Choo: Kujenga juu ya Lava ya Goma

Karibuni mama na baba, na ninyi vijana mliopata parseli za kujenga juzi juzi. Wengi mmekuja na plani mkononi, na nimechungulia chache hapo mlangoni. Sebule ipo, vyumba vipo, hata mahali pa gari pamepangwa. Choo kimesukumwa kwenye kona iliyobaki. Hapa Goma mimi ningeanza na hiyo kona.

Tuangalie kwanza tunachokanyaga. Volkano yetu, Nyiragongo, ililipuka mwaka 1977, ikarudia Januari 2002, kisha Mei 2021. Lava ya 2002 ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia ziwani. Ya 2021 iliishia upande wa Buhene, pembezoni mwa mji, ila matetemeko yaliyofuata yalipasua barabara na kuta ndani ya mji. Ndiyo maana majirani wawili wanaweza kuwa na ardhi mbili: huyu anachimba udongo mweusi wa majivu ya zamani, yule hata kigingi cha mbuzi hakimwingilii.

Fundi masoni atakuambia: mwamba hauna shida, weka msingi tu. Hajakosea sana. Lakini lava hupoa juu huku ya chini ikiendelea kutiririka, ikiisha kupita inaacha pango, na dari la pango hilo laweza kuwa jembamba. Kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa simenti, chukua nyundo kubwa ugonge kiwanja chote, hasa mahali pa pembe na nguzo. Penye mwamba uliojaa nyundo inaruka na mlio ni mkali. Penye uwazi mlio unazama. Pavunje hapo uone kuna nini. Na ukikuta ufa mrefu unaovuka parseli, usiuzibe ukajenga juu yake, sogeza nyumba. Halafu tuache kudharau nyumba za mbao. Ni nyepesi, zinavumilia tetemeko, na zinabomolewa zikasimamishwa kwingine.

Sasa choo. Kwenye udongo wa kawaida maji machafu hupenya polepole, na vijidudu vingi hunaswa na kufa njiani. Ni kazi ambayo udongo unatufanyia bure. Lava yenye nyufa haiifanyi. Kuna mzee aliniambia kwa fahari kwamba fosi yake, yaani shimo la choo, haijawahi kujaa. Mzee wangu, haijai kwa sababu inavuja! Yale maji yanapita kwenye nyufa, na mteremko wa mji huu unaelekea Ziwa Kivu, ambako asubuhi watu wanajaza bidoni za njano. Mji ulioona kipindupindu cha 1994 hauna sababu ya kusifia fosi isiyojaa.

Kuchimba nako ni mateso. Vijana wanapiga burini, ile patasi ya chuma, na nyundo kutwa, jioni shimo halijafika magotini. Basi msilazimishe kwenda chini. Tangi lijengwe nusu yake juu ya ardhi, sakafu na kuta zipigwe lipu nzuri ndani. Liwe na vyumba viwili: cha kwanza kinashika uchafu mzito, cha pili kinapokea maji yaliyotulia. Kabla ya kulitumia lijaze maji, weka alama ukutani, rudi kesho yake. Yakiwa yameshuka, fundi hajamaliza kazi, na wewe usimalize kumlipa. Maji yanayotoka yasielekezwe kwenye ufa. Yapitie tuta la mchanga na udongo ulioletwa na lori, unene wa sentimita 60 au zaidi. Ni pesa, najua. Na tangi lisilovuja litajaa, kwa hiyo liachie gari la kunyonya njia ya kulifikia. Choo chenyewe kitakuwa na ngazi. Watoto watazoea.

Walio upande wa Mugunga, Lac Vert na Bulengo wanisikilize zaidi, kwa sababu ya mazuku. Ile ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, hukaa mabondeni na kwenye mashimo, hasa usiku na alfajiri upepo ukitulia. Shimo la choo ni mahali pake kabisa. Mafundi wengine hushusha mshumaa, ukizimika hawaingii. Ukizimika, kweli usiingie. Lakini ukiwaka haimaanishi pako salama, kwani gesi inaweza kumlegeza mtu kabla haijazima moto. Anayeshuka afungwe kamba kwanza, juu wabaki watu wa kuivuta. Akianguka, msimfuate! Wengi hufa wakijaribu kuokoa. Na chumba cha chini ya ardhi, huko msijenge.

Bustani nitaipitia haraka. Kwenye lava mpya lima ndani ya magunia au tuta lililozungushiwa mawe, kwa udongo wa majivu na mboji. Moshi wa volkano unafanya mvua iwe na asidi: maharage yanaungua majani, mabati yanaliwa na kutu. Maji hayo yanaweza pia kuwa na fluoridi nyingi, kwa hiyo msiyategemee kwa kunywa.

Mama pale nyuma anauliza kama anaweza kupanda lengalenga, yaani mchicha, juu ya lile tuta la choo, maana litakuwa na rutuba. Lengalenga hapana, mama, wala karoti, wala chochote kinacholiwa kikiwa kimegusa udongo ule. Panda migomba pembeni yake. Inakunywa maji mengi, na ndizi yenyewe inaning'inia juu.