Jina Chini ya Picha

Mhadhara kwa wapiga picha vijana, Mwanga, Kigoma

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za jioni.

Nianze na shangazi yangu. Kwa miaka mingi alianika dagaa pale Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Siku moja mgeni mwenye kamera akampiga picha, akashukuru, akaenda zake. Mwaka uliofuata tukaiona picha ile kwenye kalenda ya shirika moja, chini imeandikwa: "Mwanamke maskini wa ziwani." Shangazi alikuwa na mitumbwi miwili, na kwa dagaa hao hao alisomesha watoto wanne. Akaitazama kalenda kitambo, kisha akauliza, "Jina langu lilikuwa zito kuandikwa?"

Mnaandaa maonyesho ya picha za watu wa mkoa huu: Waha, Wamanyema, Wabembe, na ndugu zetu waliovuka ziwa. Tangu asubuhi nimewasikia mkijadili mwanga na fremu. Mimi nimekuja kwa ajili ya kile kikaratasi kinachobandikwa chini ya picha.

Mpiga picha Seydou Keïta alifungua studio yake mjini Bamako, Mali, mwaka 1948, jirani na stesheni ya reli. Sisi tunaoishi reli inapoishia tunaielewa biashara hiyo: msafiri akishuka anataka picha ya kuwapelekea wa kwao. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani kwake. Studioni aliweka suti, saa na redio, mteja akachagua mwenyewe aonekane vipi. Ukizitazama picha zile leo, unakutana na watu waliojipanga kutazamwa. Wanakutazama na wao. Hata hivyo, mwaka 1991 baadhi ya picha hizo zilipotundikwa New York, maelezo yalisema mpiga picha hajulikani. Keïta alikuwa hai, yupo Bamako, na filamu zake amezitunza! Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Santu Mofokeng, mpiga picha wa Afrika Kusini, alikwenda njia nyingine. Alikusanya picha za kale zilizotunzwa na familia za Waafrika, zilizopigwa kati ya 1890 na 1950. Alipozionyesha aliziandamanisha na maandishi: habari za watu wale pale zilipopatikana, na pale zilipokosekana, swali. Hawa ni nani? Naliheshimu sana swali lile, kwa sababu linamwachia mtu nafasi yake hadi mjukuu atakapotokea kumtaja.

Lakini jina laweza pia kumponza mtu. Kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, na mwaka 2015 ikapokea Warundi wengi. Humo yupo fundi cherehani atakayefurahi jina lake lisomwe na kila mtu. Yupo na mwingine ambaye jina likisomwa ng'ambo, ndugu zake watapata taabu. Msiwaamulie. Ulizeni, tena kwa lugha anayoota nayo. Asiyetaka jina liandikwe, aulizwe aitweje. Nina hakika wachache sana watajibu "mkimbizi".

Ombi langu ni hili. Kabla ya kuzipeleka picha ukumbini, zishusheni kwanza mwaloni Kibirizi, asubuhi mitumbwi inaporudi. Zitundikeni palepale penye dagaa. Kila mtu aitafute yake na asomewe kilichoandikwa. Akikataa, mpeni kalamu.