Maji Ndani ya Jani la Mlonge
Mhadhara kwa vikundi vya watengenezaji wa sabuni na mafuta ya kujipaka, Kisumu

Akina mama, akina baba, na nyinyi vijana mlioketi kule nyuma karibu na mlango, asanteni kwa kuja. Najua leo ni Jumamosi na wengi wenu kesho mna meza kwenye soko la Kibuye, kwa hivyo sitawaweka hapa hadi jua lizame.

Hapa mbele nimeweka vikopo viwili. Vyote vina unga wa majani ya mlonge, na majani yote yalichumwa asubuhi moja kwenye mti mmoja, ulio nyuma ya nyumba ya mama yangu kule Ahero. Fungu la kwanza tulilianika juani juu ya gunia. La pili tulilitandaza ndani ya nyumba, juu ya chandarua tulichokikaza kwa mbao, dirisha likiwa wazi. Tazameni rangi. Huu wa juani umepauka kama nyasi za Januari. Huu wa kivulini bado ni kijani cha sukuma wiki. Vitapita baadaye kila mtu anuse.

Mlonge, wengine mnauita mzunze, asili yake ni India, chini ya milima ya Himalaya. Una ndugu yake wa huku kwetu, mwenye majani makubwa zaidi, anayeota kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia. Ni mti wa joto. Kisumu tuko mita 1,130 hivi kutoka usawa wa bahari na mti unatupenda. Walioko Nakuru, zaidi ya mita 1,800 juu, watawaambia jinsi baridi ya usiku inavyoudumaza.

Sasa, sokoni neno "mlonge" limefunika vitu vitatu, na mteja anauziwa kimoja akidhani ni kingine. Kuna mafuta ya mbegu. Hayo yamekamuliwa, ni ya njano hafifu, na karibu asilimia 70 yake ni asidi ya oleiki, ile ile iliyojaa kwenye mafuta ya zeituni. Yanalainisha ngozi vizuri na hayachachi upesi. Kuna unga wa majani, ambao ni jani zima lililosagwa. Na kuna dondoo ya majani, yaani kile kinachobaki baada ya kuloweka majani kwenye maji au spiriti, kuchuja, kisha kupunguza kile kimiminika. Hiyo dondoo ndiyo iliyonileta hapa.

Ndani yake kuna nini? Kuna kwasetini na kaempferoli, kuna asidi ya klorojeni, na kama jani lilitunzwa, kuna kiasi cha vitamini C. Hizi ni antioksidanti. Ukikata parachichi ukaliacha mezani, linageuka kahawia kwa sababu ya hewa; ukilikamulia ndimu, linachelewa kugeuka. Ngozi yetu nayo inashambuliwa hivyo na jua na moshi, na antioksidanti inafanya kazi ya ile ndimu. (Tafadhali msijipake ndimu yenyewe. Ndimu na jua la hapa vikikutana usoni vinaunguza na kuacha madoa meusi.)

Ushahidi upo, na napenda tuutaje kwa kipimo chake. Mwaka 2014 watafiti wa Pakistani walichapisha matokeo ya krimu yenye asilimia 3 ya dondoo ya majani haya. Waliipaka kwenye mashavu ya wanaume 11 kwa miezi mitatu, wakailinganisha na krimu isiyo na dondoo, na hali ya ngozi ikaonekana kuimarika. Watu 11! Hiyo inatosha kutupa moyo wa kuendelea. Haitoshi kuandika kwenye kibandiko kwamba unaondoa makunyanzi. Mwaka huo huo ukachapishwa utafiti mwingine, wa kunawa mikono kwa unga wa majani: gramu 4 ziliondoa bakteria sawa na sabuni ya kawaida, gramu 2 au 3 hazikufikia hapo. Mnaona? Jani ni lile lile, kipimo ndicho kilichobadilika.

Nije kwenye jambo ninalolijali kuliko yote, nalo ni maji.

Vitu vizuri nilivyovitaja vinatoka kwenye jani kwa maji, au kwa maji na spiriti. Havitoki kwa mafuta. Wengi wetu tunachukua majani, tunayaloweka kwenye mafuta ya kupikia wiki mbili, mafuta yanageuka kijani, na tunafurahi. Kilichotoka ni ukijani wa jani, yaani klorofili, pamoja na karotini kidogo. Kwasetini kwa sehemu kubwa imebaki kwenye makapi uliyowatupia kuku. Tena ile klorofili, ukiweka chupa angavu kwenye mwanga wa meza ya sokoni, inaharakisha mafuta kuchacha. Rangi uliyodhani ni sifa ndiyo inayokuharibia bidhaa. Kama ni lazima uuze mafuta ya kijani, tia kwenye chupa nyeusi.

Basi tutumie maji. Lakini maji ndiyo yanayofuga vijidudu.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa sijasoma haya, nilichemsha majani jikoni kwangu, nikachuja, nikachanganya na mafuta na nta hadi ikawa krimu laini kabisa. Nilitia matone ya vitamini E nikiamini ndiyo dawa ya kuzuia kuoza. Nikampa jirani yangu, mama mwenye mtoto mchanga. Siku ya tisa akaniletea kikopo. Kwa juu krimu ilikuwa nzuri, lakini chini ya kifuniko palikuwa na vidoa vya kijivu, vidogo kama punje za wimbi, na harufu ya maji ya vyombo. Alikuwa ameipaka usoni kwa siku zote hizo, na mashavu yake yalikuwa yametoka vipele. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Dada, hii ningempaka mtoto ingekuwaje?" Swali hilo bado ninalo.

Vitamini E inalinda mafuta yasichache. Bakteria na ukungu haivigusi kabisa. Krimu yoyote yenye maji, hata maji yaliyochemshwa, inahitaji kihifadhi cha kweli, yaani dawa ya kuzuia vijidudu, kama fenoksiethanoli isiyozidi asilimia 1, kilichopimwa kwa mizani ya gramu, sio kwa kijiko. Anayewaambia "yangu ni ya asili, haina kihifadhi", mwulizeni: ina maji? Kama ina maji, isizidi siku chache, na ikae kwenye friji.

Kama huwezi kupata kihifadhi, ondoa maji. Kausha majani kivulini hadi yakivunjwa yalie, unyevu uwe chini ya asilimia 10. Kilo nne au tano za majani mabichi zitakupa takriban kilo moja. Saga, chekecha kwa kitambaa, uuze kama unga, na mteja achanganye mwenyewe kiasi cha matumizi ya siku hiyo, kwa asali au maziwa lala, apake, aoshe. Bidhaa hiyo mwanamke mwenye jiko la makaa anaweza kuitengeneza kwa usalama.

Swali, mama? Ndiyo, simama tusikie.

"Mwanangu, wateja wangu wanauliza kama inang'arisha. Nisiposema inafanya mtu mweupe, wanaenda meza ya pili."

Asante, shangazi. Najua meza hiyo ya pili. Mlonge haumfanyi mtu mweupe. Krimu inayobadilisha rangi kwa wiki mbili mara nyingi ina haidrokwinoni (kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi), dawa kali za steroidi au zebaki, na zebaki inapita kwenye ngozi hadi kwenye figo. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, umekataza vipodozi vilivyotiwa zebaki, ndivyo kitu hicho kilivyo kibaya. Ukimwambia mteja mlonge unaleta weupe, siku usipouleta, atarudi kwa yule wa pili akidhani wako ni dhaifu. Mwambie unalainisha, unatuliza ukavu. Na kabla hajaondoka mpake kidogo ndani ya kiwiko, mwambie asubiri siku mbili kama patawasha. Hakuna jani lisiloweza kumwasha mtu fulani.

Haya, vikopo vianze kupita kutoka upande huu. Tieni unga kidogo kiganjani, dondosheni tone la maji, sugueni, halafu nuseni haraka. Kwenye huu wa kivulini mtasikia ukali kama wa haradali. Ni kemikali ya jani inayoamka pale maji yanapoligusa. Kwenye ule wa juani, niambieni nyinyi mnasikia nini.