Dola Moja kwa Kila Mkanada

Shikamooni wakubwa zangu. Na wa rika langu, habari za asubuhi. Mmeniita nizungumzie wanariadha wanaokimbia kuchangia wagonjwa. Nitamchukua mmoja tu, Terry Fox wa Kanada, kwa sababu mbio za hisani tunazoandaa hapa Dar zinafanana na zake kwa mengi, isipokuwa jambo moja.

Mwaka 1977, akiwa na miaka 18, alikutwa na saratani ya mfupa kwenye mguu wa kulia. Madaktari wakaukata sentimita 15 juu ya goti. Usiku wa kuamkia upasuaji aliletewa jarida lenye habari za mtu wa mguu mmoja aliyekimbia marathoni ya New York, na wazo likaingia: kukimbia kuvuka Kanada nzima, akichangisha fedha za kupambana na saratani.

Tarehe 12 Aprili 1980, mjini St. John's, mashariki mwa Kanada, alichovya mguu wa bandia kwenye Bahari ya Atlantiki, akaanza safari ya kuifuata Pasifiki. Kilomita 42 hivi kwa siku. Mliowahi kumaliza marathoni mnajua kesho yake ngazi zinashukwaje! Yeye kesho yake alikuwa barabarani tena kabla ya jua. Springi ya mguu ule ilichelewa kurudi, kwa hiyo ilimbidi aruke mara mbili kwa mguu mzima ndipo ule wa bandia upige hatua moja. Kigutu kikachubuka, damu ikawa inatoka. Rafiki yake Doug Alward alitangulia na gari, akimsubiri kila baada ya maili moja.

Maumivu hayo ndiyo yanayosimuliwa kila mahali. Mimi naona kipaji chake kilikuwa kwenye kuomba. Kanada ilikuwa na watu kama milioni 24, naye akataka dola moja kwa kila mmoja, kiasi ambacho hata mtoto wa shule angeweza kukitoa. Port aux Basques, mji wa watu kama 10,000, ulimchangia zaidi ya dola 10,000. Katika jimbo la Quebec mambo yakawa magumu. Wenyeji wanazungumza Kifaransa, wengi hawakuwa na habari naye, na wapo madereva waliomsukumia pembeni mwa barabara. Mwenye hoteli mmoja, Isadore Sharp, aliyefiwa na mwanawe kwa saratani, aliahidi dola 2 kwa kila maili na kuzitaka kampuni nyingine 999 zifanye vivyo hivyo. Terry alipokea, lakini kampuni zilizotaka asifie bidhaa zao alizikatalia.

Septemba 1, karibu na Thunder Bay, kifua kilimbana. Saratani ilikuwa imefika mapafuni. Alikuwa amekimbia siku 143, kilomita 5,373, na mfuko ulikuwa na dola milioni 1.7. Juma moja baadaye kipindi kimoja cha televisheni kilichangisha zaidi ya milioni 10, na Februari 1981 mfuko ukavuka milioni 24. Dola yake kwa kila Mkanada ilitimia akiwa mgonjwa. Akafariki Juni 28, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 23.

Sharp alikuwa amependekeza mbio za kila mwaka kwa jina lake. Zikaanzishwa kwa masharti: hakuna mshindi, hakuna kiingilio, hakuna nembo za kampuni. Septemba 1981 walijitokeza watu 300,000, zikapatikana dola milioni 3.5. Hadi leo zimezidi milioni 800.

Sasa geuzeni fulana zetu. Mgongo mzima nembo, na wodi tunayoichangia haijaandikwa popote. Sikatai wadhamini, maji ya njiani na gari la wagonjwa vina gharama zake, na bila wao mbio nyingi zisingekuwepo. Ila naona kamati yenu imekaa hapa mbele. Kabla hatujanywa chai, naomba mwenyekiti atuambie: mbio zijazo mnamchangia nani hasa, na katika kila elfu thelathini ya kiingilio, ni shilingi ngapi zinamfikia?